Filimbi Yako Ilikuwa Mfukoni

Mdogo wangu Hamisi,

Amani ikufikie hapo ulipolala, kando ya mikorosho ya baba. Umri wangu hautaki niandike kwa hasira, lakini leo nina furaha ya mtu mwenye hasira, na sina mwingine wa kumweleza.

Mfaume ametembea mkiani.

Ngoja nianze mwanzo. Unanijua, hata chai nilikuwa naieleza kabla ya kuinywa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mzigo mrefu hauendi kama mizigo mingine. Lori likikata kona kulia, ncha za vyuma zilizochomoza nyuma hutupwa kushoto, na dereva hazioni. Kwa hiyo pana utingo wa mkiani mwenye kitambaa chekundu, na msafara mzima una filimbi moja tu, nayo ni yake. Isipolia, lori halisogei. "Kaka, barabarani hata waziri ananisubiri mimi," ulisema, ukicheka na muhogo mdomoni.

Siku ile ya vyuma vya daraja, msimamizi Mfaume alikuwa na haraka. Wageni wakubwa walikuwa wakingoja mtoni. Pale kwenye kona ya Mitole uliingia kati ya ncha za vyuma na ukingo wa udongo, utazame nafasi. Filimbi ikalia. Selemani dereva akaondoa lori, akijua ni wewe, na vyuma vikakubana ukingoni.

Matangani kwako Mfaume akasimama, akawaambia watu kwamba marehemu alipiga filimbi kisha akazubaa. Uzembe, akasema, ni adui wa taifa. Mama alikuwa ndani, anasikia. Hakupona neno lile mpaka naye tukamzika.

Lakini waliokuosha walinikabidhi shati lako. Filimbi yako ilikuwa mfukoni, na mfuko umefungwa kifungo. Hamisi, mtu aliyetoka kupiga filimbi hawahi kuirudisha na kufunga kifungo huku chuma kinamjia. Ilikuwapo filimbi ya pili. Nilikwenda ofisini kwao na lile shati, wakaniambia mwalimu mstaafu akapumzike. Selemani aliinamisha kichwa. Ana watoto, simlaumu.

Basi nikapumzika, kama chatu anavyopumzika.

Tangu uondoke wametuhamishia barabarani, kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa kama madawati. Nami wamenichagua mwenyekiti. Wiki hii yakaja mabomba marefu ya kiwanda cha korosho, na mvua imeila kona ileile. Mfaume akaja kuomba watu wa kuchonga ukingo, na mtu wa mkiani, maana wake ana homa.

Nikamwambia majembe yapo. "Ila mkiani tembea mwenyewe, ndugu msimamizi. Kijiji hiki kimeshatoa mtu."

Alicheka. Alipoona hakuna anayeinua jembe, akaacha kucheka. Nikampa kitambaa chekundu. Filimbi nikabaki nayo, ile yako. Kanuni inataka awe nayo mtu wa mkiani, lakini yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kanuni huvunjika.

Akaingia ulipoingia wewe, ukingo mgongoni, chuma kifuani. Selemani yuko kwenye usukani, injini inanguruma. Nikaiweka filimbi mdomoni. Mfaume akaiona. Wallahi, Hamisi, pumzi nilikuwa nimeshaivuta.

Nikaitoa, nikamwuliza siku ile nani alipiga.

Akanong'ona kitu. Bi Zuhura, yule jirani yetu uliyekuwa ukimtania, akamwambia, "Paza sauti, baba, injini ina kelele."

"Nilipiga mimi," akasema Mfaume. "Hamisi hakupiga."

Nikamtaka arudie, Selemani asikie. Akarudia. Ningependa kukwambia moyo ulipoa, lakini haukupoa. Nilimwacha amesimama palepale kwa muda, kisha nikamwambia atoke. Alipokuwa nje kabisa ndipo nikapiga.

Ijumaa atayasema hayohayo barazani pa msikiti, kwa sauti ileile aliyoitumia matangani. Na maadamu mimi ni hai, hakuna mzigo mrefu wake utakaopita hapa ila yeye yuko mkiani.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Wewe hukuzembea, na watu wanajua. Filimbi nimeirudisha kwenye mfuko wa shati lako, nimefunga kifungo. Mfaume akija tena, nitakifungua.

Kaka yako.