Kuku Niliyemchinja Ng'ambo ya Nzilo

Kolwezi, Manika

Kwako Yaya Shabani, kaka yangu mkubwa,

Asalaam aleikum. Mama anaendeleaje na magoti yake? Ile dawa niliyompa dereva wa Kindu ilifika, au imebaki njiani? Nauliza habari za Mama kwanza kwa sababu ndizo ninazozitaka kweli. Za kwako ninazo tayari. Sauti yako uliyoirekodi niliisikia kwenye simu, mbele ya mke wangu na jirani aliyekuja kuomba chumvi, ukiniita mlafi na mtu aliyemuuza dada yake kwa makafiri kwa nyama ya kuku. Nashukuru kwamba una afya ya kutosha kupiga kelele namna ile. Sisi hapa ni wazima. Baridi ipo, vumbi lipo, dada yetu Zena anakohoa kidogo, lakini mitihani yake imekwisha salama na amebakiza mwaka mmoja tu awe muuguzi.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huna adabu ya kusikiliza. Karatasi huwezi kuikatiza. Umesema Zena apandishwe lori arudi Kasongo mwezi huu huu, aolewe na yule mwuza vitenge uliyemkubalia, kabla Ilunga hajaja kumdai. Kabla sijakujibu hilo, sikia kwanza ilivyokuwa, maana wewe umesikia kwa dereva, na dereva alisikia gereji.

Ilunga unamjua kwa jina. Ni karani wa mizani ya malori kwenye mgodi mmoja hapa, Mkatoliki, hana mke, asili yao ni kaskazini ya Katanga. Nilipofika Kolwezi naendesha lori la watu, bila ndugu wala godoro, yeye ndiye aliyenionyesha pa kulala. Ijumaa nyingi amekuja kwangu na samaki. Na tangu siku za mwanzo ananiita shemeki, ndivyo hapa wanavyosema shemeji. Usiruke bado. Hapa kila mtu ni shemeki: fundi wa matairi shemeki, mwuza makaa shemeki, askari anayekusimamisha barabarani naye shemeki. Ni neno la kulainisha mazungumzo tu. Nimelisikia miaka yote hii na sikuwahi kuligeuza nione lina nini chini yake.

Basi kiangazi hiki, Ilunga alipopata likizo yake, akaniambia tutoke, hapa tunapumua udongo. Alitaka anionyeshe bwawa la Nzilo, halafu twende ng'ambo ya ziwa, kijijini kwa baba yake mkubwa. Nilikubali upesi, na nitakuambia kwa nini. Miaka yote nimebeba shaba ya watu na asidi ya watu, nikilala chini ya gari kwenye foleni ya mpakani. Sijawahi kwenda safari bila kitu nyuma. Nilitaka nijue inakuwaje kusimama kwa sababu tu mahali ni pazuri.

Tuliondoka na pikapu yangu asubuhi ya baridi, tukapita Musonoi, kwenye yale malundo ya udongo wa mashimo na pikipiki zinazobeba wachimbaji na magunia yao. Kabla hatujafika mbali nilikuwa nimeshachoka naye. Mtu huyo anakula karanga zako na kutupa maganda miguuni pako. Anaimba nyimbo za misa, zote kwa sauti ya pili, ya kwanza anakuachia wewe Mwislamu. Hajawahi kushika usukani maishani mwake, lakini alinifundisha gia kila mlima. Nilimwambia akae kimya, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama najua kwamba gurudumu la nyuma linalia.

Nzilo tulioga ziwani, maji baridi mpaka meno yanagongana. Baadaye tukashuka chini ya bwawa, kule Lualaba inakopita kati ya majabali kwa kelele nyingi. Mimi sikutaka kushuka. Yeye alishuka akirukaruka kama mbuzi, na mimi, kwa kuona haya, nikamfuata. Nikakanyaga jiwe lenye utelezi, mguu ukaenda. Ilunga akanidaka mkanda. Mkanda ukakatika, akashika suruali, akanivuta juu huku suruali imefika magotini na akina mama waliokuwa wakifua kando wanatutazama. Mmoja wao akaniuliza kama nataka waifue na hiyo. Tulikaa juu ya jiwe tukacheka mpaka machozi. Sikuwa nimecheka vile tangu tulipomzika Baba. Naandika hili ili ujue nilikuwa naenda na nani, na ili ujue kwa nini hasira yangu ni kubwa kuliko yako.

Ng'ambo ya pili tukakuta watu wamechoma majani ya kiangazi, upepo ukauleta moshi wote barabarani. Sikuona hata pua ya gari. Ilunga akalowesha shati, akajifunga mdomoni, akashuka na kutembea mbele yangu, akigonga boneti mara moja kwa kwenda, mara mbili kwa kusimama. Moto ulikuwa unalia kulia na kushoto. Tulitoka upande wa pili nyusi zetu zimejaa majivu. Mtu anayetembea mbele ya gari lako kwenye moto, utamshuku nini?

Kijijini walitupokea kwa asali na bukari, ugali wa huku, na samaki wa ziwa. Baba mkubwa ni mzee mpole, anasikia kwa sikio moja. Walipokwisha kutukalisha, mke wake akaja na kuku mweupe, mzima, akapiga magoti, akanikabidhi kwa mikono miwili. Mzee akasema:

"Huyu njo kuku ya shemeki. Weye mwenyewe utaona cha kufanya naye."

Sasa jiweke mahali pangu, Yaya. Umekulia Kasongo, umefundishwa na Baba. Watu wa dini nyingine wanakupa kuku akiwa hai na kukuambia uone mwenyewe cha kufanya. Unaelewa nini? Mimi nilielewa kwamba hawa ni watu wenye heshima, wanajua siwezi kula alichochinja mwingine, wamenipa nichinje kwa mkono wangu. Moyo wangu ulijaa. Nikaomba kisu. Wote wakanyamaza, wakamtazama Ilunga, na Ilunga akatazama chini. Nikadhani wamenyamaza kwa ajili ya dua yangu. Nikasema Bismillahi, nikachinja. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia, na mimi mjinga nikatabasamu, nikadhani wamefurahia nyama. Firigisi niliwekewa mimi, na niliila.

Asubuhi, wakati wa kuagana, mzee akanishika mkono, akaniita tata, neno lao la heshima.

"Tunashukuru, tata. Mvua ikianza, bamama batakuya kuona muke yetu."

Nikamuuliza mke gani. Akacheka, akidhani namtania. Mkewe ndiye aliyenieleza, taratibu, kama unavyomweleza mgeni mahali choo kilipo. Kwao, ndugu wa msichana akija, anapewa kuku. Akiwa hataki, anamwacha kuku palepale. Akiwa anataka kwenda kushauriana na wenzake, anamfunga miguu na kumpeleka nyumbani akiwa hai. Akimchinja mbele yao na kumla nao, ametoa dada. Alisema hata wao walishangaa, wengi humfunga miguu.

Sikugombana nao. Hawakunikosea, walifanya mambo yao waziwazi mbele yangu. Niliingia garini na nikangoja mpaka kijiji kikapotea nyuma. Kisha nikamuuliza Ilunga kama alijua.

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Shemeki, niliogopa. Kama ningekuambia, ungekatala juu ya dini. Halafu nikaona weye mwenyewe unalomba kisu. Nikasema labda Mungu njo alipanga vile."

Nikamwambia asimsingizie Mungu, kisu kilikuwa cha mama yake mkubwa. Neno moja tu lilikuwa linatosha, Yaya. Neno moja, "ngoja", na mimi ningemfunga yule kuku miguu. Aligonga boneti yangu kwenye moto ili nisiungue, na pale penye shimo la kweli akaniacha nitumbukie. Tulipofika kizuizi cha Nzilo nikasimamisha gari, nikamtolea mfuko wake, nikamwacha na wanawake wanaouza samaki. Hakubisha. Niliendesha mpaka Kolwezi na maganda ya karanga miguuni, na nilikuwa natukana peke yangu kwa sauti, matusi ambayo wewe hata huyajui.

Nyumbani nilimweleza mke wangu Aziza chumbani, kwa sauti ndogo, lakini kuta za hapa unazijua. Zena alikuwa uani anafua sare yake nyeupe ya shule. Akaingia mikono ina povu, akauliza wakati hayo yote yanafanyika, yeye alikuwa wapi. Nikamjibu alikuwa shuleni. Nikasikia mwenyewe jinsi jibu hilo lilivyo la kipumbavu.

Jumapili Ilunga akaja, ametoka misani, viatu vimeng'arishwa. Mimi nilisimama nimzuie mlangoni. Zena akaniambia nimwache aingie, akatoka, akapanda pikipiki mpaka sokoni, na sisi tukabaki tunatazamana na Ilunga bila hata kupeana maji. Alirudi na kuku kwapani. Hakukaa. Ninakuandikia alivyosema kwa maneno yake mwenyewe, na kwa Kiswahili chake cha Kolwezi, ambacho najua hukipendi.

"Tata Ilunga, samaki yako nilikulaka na nilikushukuru. Kama uliniuliza mi mwenyewe, pengine ningekatala, pengine ningesikia. Weye uliuliza kuku. Huyu iko muzima, umurudishe kwenu. Ule mulikula, mulikula benyewe, mi shikukula."

Akampa mkononi. Ilunga akampokea, maana ungefanya nini na kuku unayekabidhiwa hivyo. Alinitazama. Mdomo ulifunguka kusema lile neno lake la kila siku, ukafunga. Akasema tu, "Bakia muzuri, Rajabu," akaondoka kwa miguu na yule kuku. Tangu hapo akiwa zamu kwenye mizani nangoja mwenzake aingie ndipo nipime. Namchukia sana, na Ijumaa mke wangu akipika maharagwe natazama mlango.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna anayekuja kumdai Zena mvua ikianza. Mambo ya Ilunga yamekwisha, wala hayakumalizwa na mimi, wala na wewe na kelele zako.

Sasa zamu yako. Mimi nilimla kuku wa watu ambao mila yao sikuijua. Wewe ulikaa kwenye mkeka wetu, nyumbani kwetu, kwa lugha yetu, ukijua maana ya kila neno, ukamwambia mwuza vitenge "tumekubali". Wewe ndiye unayesimama mbele ya watu msikitini Mama akikuangalia kwa fahari. Unajua kuliko mimi kwamba msichana huulizwa. Ulimuuliza lini? Ulimpigia simu siku gani? Wanasema mimi nilimtoa dada yangu kwa ujinga. Wewe ulimtoa kwa akili timamu, halafu unanitukana mimi mbele ya jirani. Tangu Baba afariki tumekuheshimu kama baba. Baba hakuwahi kumtoa mtu akiwa shuleni.

Zena aliomba nimsikilizishe ile sauti yako. Aliisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameketi. Kisha anakuambia hivi: yule mtu wa vitenge hamjui, hajawahi kumwona, na harudi Kasongo kabla hajavaa sare ya muuguzi wa kweli. Kama Yaya Shabani ameshaitikia, basi aolewe yeye. Nilimuuliza kama niandike kweli hivyo. Akasema hivyo hivyo.

Na mimi naongeza la kwangu. Ukitaka kuja kumchukua, njoo. Barabara ni mbaya lakini malori yanafika. Utanikuta mlangoni, na safari hii sitaomba kisu wala sitakula kitu nisichokijua.

Msalimie Mama sana, umwambie asisimame muda mrefu jikoni. Msalimie shangazi aliyetulea baada ya msiba, na mke wako, ambaye najua hakushauriwa katika jambo hili hata yeye. Mwalimu wetu wa madrasa, kama bado anaona, mwambie Rajabu bado anakumbuka fimbo zake. Aziza na watoto wanawasalimia nyote.

Zena ameisoma barua hii yote kabla sijafunga bahasha. Amebadilisha neno moja tu. Pale kwenye maneno yake, mimi nilikuwa nimeandika "anakuomba". Amelikata, akaandika kwa mkono wake "anakuambia".

Mdogo wako,
Rajabu