Mama Amepanda Kwenye Vumbi

Jumanne, Kendu Bay

Na mvua hata haijaanza. Nani hupanda mahindi kwenye vumbi?

Asubuhi nilimpeleka mama mkwe hospitalini Homa Bay. Saratani imebana mirija ya mkojo, figo zimefura. Daktari akaniita pembeni. "Tunaweza kumwekea mpira mgongoni, mkojo utoke. Lakini saratani imeenda mbali. Msitegemee miezi. Ni wiki."

Nilikasirika. Ati anatazama picha moja ya figo, halafu anajua!

Mama akaniuliza daktari amesema nini. Nikamdanganya. "Amesema mvua ikija utapanda."

Kwetu, mke wa mtoto hatii mbegu shambani kabla ya mama wa boma. Kila msimu mimi humngoja yeye aanze.

Mpira akaukataa.

Tulipofika nyumbani hakutaka hata chai. Alitaka jembe na mbegu. Jembe likamshinda, akakaa chini, akachimba kwa vidole. Akatia mahindi, akafukia. Shimo moja, basi.

"Haya, nyathina," akasema. Ndivyo huniita, mtoto wangu, tangu niolewe hapa. "Nimeshaanza. Mvua ikija, usiningoje."

Nilimpangusa tu udongo mikononi, kidole kimoja kimoja, ili nisimtazame usoni.

Sasa amelala. Radi inanguruma upande wa ziwa. Wiki nzima nimekuwa nikiomba mvua.

Mungu, isinyeshe. Bado kidogo.