Ndoo chini ya mfereji unaovuja

Nekesa, mjukuu wangu,

Huku Buruburu tuko salama, na mguu wa shangazi yako Nanjala umepona. Unasema programu yako mpya ndiyo nyepesi, lakini ukiipima kwa saa ya kompyuta inaonekana nzito kuliko ile ya zamani.

Mwaka niliponunua jiko lenye udongo ndani, nilichemsha maji kwa lile kuukuu la bati, kisha kwa hilo jipya, nikitazama saa ya ukutani. Jipya likashindwa! Nikalitia kwenye gunia nimrudishie fundi na maneno makali.

Babu yako akasema polepole, "Mama Nanjala, saa ilikuwa nyuma. Niliisogeza mbele redio ilipotangaza wakati, jiko jipya likiwa kazini."

Fundi wa watu!

Tukarudia bila saa, kila mara tukiweka ndoo tupu chini ya mfereji uliokuwa ukivuja uani. Jiko la bati lilichemsha maji ndoo ikiwa imejaa. Jipya, haijafika hata nusu. Tone halikujua ni saa ngapi, wala hakuna aliyeweza kulisogeza. Tuliketi tukilisikiliza mpaka chai ikapoa.

Huenda saa ya kompyuta yako nayo husahihishwa kazi ikiendelea. Tafuta humo ndani kitu kinachodondoka tu.

Babu yako hayupo, na saa yake imesimama. Mfereji bado unavuja. Nimekataa utengenezwe mpaka wewe urudi.

Nyanya yako