Nyoka wa Chumba cha Santuri

Mwenzangu, jirani yetu Mama Mapacha anaapa kuna nyoka studio. Anasema swila mzima, analia nyuma ya mlango.

Nyoka gani. Nilikuwa natayarisha wimbo wa yule mzee mwimbaji uende kwenye santuri. Sauti zake za S zinachoma masikio, na santuri haizitaki, sindano ikizifikia inakwaruza. Bosi kaniambia nizipunguze moja moja. Basi naicheza S moja, narudia, narudia. Sssss. Sssss.

Mara mlango ukafunguka. Majirani na fimbo. Na mbele yao nani? Mzee mwenyewe, kaja kuulizia kazi yake.

"Usisogee, binti. Nimemsikia. Huyo ni mkubwa."

Kajisikia mwenyewe, mwenzangu. Mwenyewe! "Huyo ni mkubwa."

Nikazima sauti. Mama Mapacha akasema, "Mnaona? Kaogopa watu."

Majirani wameshatoka, mzee kabaki. Bosi hayupo. Mzee akijua nyoka ni sauti yake mwenyewe, ataona aibu na kuhamisha kazi, na kibarua changu kitaota nyasi.

Sasa amekaa, fimbo magotini. "Haya binti, niwekee wimbo wangu. Anzia pale pale ulipoishia."

Najifanya natafuta waya.