Mkono Juu ya Boneti

Nakuru, Jumatatu, 6 Oktoba 2025.
Ni miaka arobaini na sita na miezi minne tangu nivuke mto Kaya nikiwa na mkoba mmoja wa spana.

Kwa shemeji yangu Zam, mama yake Siraji,

Assalam aleikum. Naomba barua hii ikukute ukiwa na afya, na magoti yawe yamekupunguzia maumivu sasa mvua zinapotulia. Nisalimie Siraji na mkewe, na majirani wote wa Arua wanaokumbuka bado kwamba Abdunoor alikuwa na mdogo wake. Mimi sijambo, kwa kadiri ya mzee wa miaka sabini na mmoja. Jicho la kushoto limefifia, lakini masikio hayajaniacha. Gari likipita mbele ya dirisha langu bado naweza kukwambia ni silinda ngapi zinafanya kazi na ngapi zinasindikiza tu.

Simu yako ya Alhamisi ilinifurahisha mpaka pale iliponinyamazisha. Ulidhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa nimekaa kitandani nimeshika simu kwa mikono miwili, nakusikia ukiita alo, alo, mpaka ukaniambia kwa ukali kwamba Wakenya wamenifundisha kulala kabla ya magharibi.

Kwanza nimpongeze mjukuu wetu Latifah kwa kazi ya kutoa mizigo forodhani Oraba. Kutoka Arua mpaka mpakani na kurudi, kila siku, juu ya bodaboda, hata mgongo wa kijana unachoka, kwa hiyo simlaumu kutaka gari. Alipokunyang'anya simu alinichekesha. Alisema, "Babu, iko dogo, milango tatu tu ukihesabu ule wa nyuma, lakini iko na turbo! Ukikanyaga, kiti inakushika!" Kisha akanieleza kwamba Kasimiro, anayeliuza pale Koboko, ameapa kuwa lilikuwa la sista mmoja wa misheni, naye alikuwa akiliendesha kwenda misa na kurudi, basi. Nikakusikia nyuma yake ukiuliza huyo sista alikuwa anachelewa misa namna gani mpaka atafute turbo.

Haya ya gari ninayaandika kwa ajili ya Latifah, na kurasa hizi mbili za kwanza unaweza kumpa akae nazo.

Mwambie asiende kuliangalia gari mchana likiwa limeshapashwa moto. Aende asubuhi bila kumpigia Kasimiro, aweke kiganja kwenye boneti kabla hata ya salamu. Ikiwa ni ya moto, mwenye gari amekwisha kuamka kuficha kitu, maana injini ya baridi ndiyo inayosema ukweli. Liwashwe mbele yake, naye asimame nyuma atazame moshi. Moshi mweupe unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke tu. Moshi wa buluu, hasa ule unaotoka mtu anapokanyaga kisha akaachia, unamaanisha oili inaungua, na kwa gari la turbo mara nyingi turbo yenyewe ndiyo inayovuja. Turbo nzima hupiga mluzi mwembamba. Ikisaga au ikilia kama king'ora, aage kwa adabu aende zake.

Magari ya aina hii yana ugonjwa wao ambao gari la mzee kama mimi halina: yamependwa na vijana. Aulize nani ameongeza nguvu ya injini, nani amebadilisha ekzosi, na vifaa vya awali viko wapi. Atazame raba za pedali. Dashibodi ikisema kilomita elfu sitini, na raba ya klachi imelika mpaka chuma kinang'aa, basi dashibodi imerudishwa nyuma. Mguu wa mtu haurudishwi. Akiendesha, aingize gia ya pili kwa haraka mara tatu nne, kwa kuwa ndiyo inayoumizwa kwanza na watu wa mashindano, na ikikwaruza asikubali kuambiwa ni baridi. Apande mlima na gia ya nne, akanyage ghafla. Injini ikinguruma na mwendo usiongezeke, klachi imekwisha. Mahali pasipo watu aachie usukani kidogo aone gari linavutwa upande gani, halafu ashike breki kwa nguvu aone tena.

Afungue mlango wa nyuma, anyanyue zulia, atoe tairi la akiba, apitishe vidole kwenye bati chini yake. Bati la kiwandani ni laini, na mstari wake wa kuunganishia umenyooka. Bati lililokunjwa likakunjuliwa lina mawimbi, na rangi yake ni mpya kuliko umri wa gari. Apitishe kidole kwenye nafasi kati ya mlango na mwili wa gari, kulia na kushoto, kisha boneti vilevile. Nafasi zisipolingana, gari limewahi kugongwa.

Mwisho, alale chini ya gari. Yeye mwenyewe, asimtume mtu. Achukue kitambaa na tochi, afute matope kwenye vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele, kimoja baada ya kingine, atafute mahali palipochomelewa na kupakwa rangi nyeusi juu. Chuma kile hakichomelewi. Kikivunjika, kinabadilishwa. Atakayemwambia kwamba kuchomelea kunatosha, hata akiwa fundi, hata akiwa ndugu yake, asimwamini.

Mjukuu wangu, nimezikuza zile picha ulizonitumia mpaka jicho langu zima likachoka. Nafasi ya boneti upande wa kushoto inaingiza kidole, upande wa kulia haiingizi hata ukucha. Tairi la mbele la kushoto limelika upande wa ndani peke yake. Usilinunue gari la Kasimiro. Yapo mengine, na Oraba haikimbii.

Hapo ndipo kurasa za Latifah zinapoishia. Zinazofuata ni zako, Zam. Zisome peke yako, kisha wewe mwenyewe uamue nani aambiwe.

Uliniomba nije. Ulisema miaka imetosha, kwamba Siraji amenijengea chumba, na kwamba gari la mtoto lisitoke Koboko bila mimi. Kisha ukasema nikishindwa safari, basi siku ya Jumamosi Latifah ataiweka simu juu ya boneti, nami nisome Fatiha, nitamke neno, mambo yaishe. Nikakuuliza kwa nini hamtafuti fundi wa Arua. Ukanijibu kwamba mkono wa Tahiru haujawahi kukosea. Hapo ndipo niliponyamaza.

Unaijua desturi ya nyumba yetu. Baba aliirithi jeshini au aliibuni mwenyewe, sijui, lakini hakuna gari lililonunuliwa na mtu wetu likatoka uani kabla fundi wa nyumba hajalikagua, akaweka kiganja cha kulia juu ya boneti, akasoma Fatiha na kusema, "Limepita." Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua tena kutafuta kasoro, kwa sababu hiyo ilikuwa kuutukana mkono uliowekwa. Watu walikula, wanawake wakapiga vigelegele, na habari ikafungwa.

Bila shaka unalikumbuka lile gari jekundu la Abdunoor, dogo, la milango mitatu, alilolikimbiza kama kichaa kutoka Manibe mpaka mjini. Siku ya kukaguliwa uliketi barazani umejifunga gurbaba lako jipya kiunoni, Siraji akiwa tumboni, na ulimwambia kwa sauti kwamba gari lina milango mitatu na wewe peke yako unahitaji miwili. Watu wote walicheka. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa chini ya gari. Nilikuwa nimefuta matope kwenye amu ya mbele ya kushoto, chuma kinachoshika gurudumu, na nikaona mshono wa kuchomelea, mpana kama kidole gumba, umepakwa rangi.

Nilitoka chini nikiwa nimeamua kusema. Lakini afisa wa jeshi aliyeliuza alikuwa ameketi mkekani karibu na Baba, nyama ilikuwa imeiva, na Abdunoor alikuwa amesimama mbele ya askari wenzake kama bwana harusi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kumwaibisha kaka yangu mbele ya mkubwa wake, na kumwita mkubwa wake mwongo, nilikuona ni jambo kubwa kuliko mshono mmoja. Nikajiambia nitaagiza amu nyingine kutoka Ariwara, ng'ambo ya Kongo, niibadilishe kimyakimya wiki ijayo, na hakuna atakayejua. Nikaweka mkono. Nikasoma. Nikasema, "Limepita."

Niliagiza, Zam. Wallahi niliagiza. Wiki iliyofuata vita vya sabini na tisa vilikuwa vimekaribia Arua, na hakuna mtu aliyekuwa anavusha spea.

Asubuhi tuliyokimbia, wewe na Mama mkiwa mmeshapanda lori, nilimfuata Abdunoor nikamwambia aliache lile gari, apande na sisi. Aliniuliza kwa nini. Ulimi wangu ulikuwa tayari, lakini askari wenzake walikuwa wanasikiliza. Nikasema njia ni mbaya. Akanipiga bega akasema, "Kijana, mimi naogopa nini? Mkono yako iko kwa hii boneti." Nikapanda lori. Ulinipa maji, nikayakataa, ukauliza kama naumwa.

Wewe ulivuka mpaka kwenda Kaya, upande wa Sudani, na lori lile. Mimi nilishuka Oraba, nikarudi kwa miguu kumtafuta. Nilimkuta Kuluba, kwenye mteremko, gari limetoka barabarani na kuangukia shamba la muhogo. Gurudumu la kushoto lilikuwa limelala chini ya gari kama mguu uliokunjwa vibaya. Amu ilikuwa imekatika palepale kwenye mshono. Kioo kilikuwa kimemkata shingo na kifua. Alikuwa amekwisha kufa. Hakukuwa na tundu la risasi, si mwilini mwake wala kwenye bati. Nilitazama, maana nililitafuta. Niliomba nilione hata moja.

Wazee watatu waliokuwa wanakimbia walisimama kunisaidia kuchimba, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa madrasa. Milio ya bunduki ilikuwa inasikika upande wa Koboko. Mwalimu alinitazama akaniuliza ni nini kilichomuua, maana ilibidi ajue namna ya kumzika. Nikasema, "Risasi."

Akasema basi huyu ni shahidi wa vita, haoshwi, hasaliwi, anazikwa na nguo zake na damu yake. Tukamzika hivyo. Kaka yangu aliyekufa kwa ajali, aliyestahili maji, sanda na sala kama Mwislamu yeyote anayekufa safarini, aliingia kaburini na vipande vya kioo shatini, kwa sababu ya neno langu moja. Lilikuwa la pili. La kwanza nililitamka juu ya boneti.

Nilipofika Kaya nikakuambia risasi, ukaanguka. Ukajifungua kabla ya siku zako. Miaka yote hii umemwita shahidi, na Siraji amelelewa akijua baba yake alipigwa akiwa anawalinda watu.

Sasa lile la kambi ya wakimbizi. Eda ilipokwisha, wazee walitukalisha wakasema Tahiru amchukue mke wa kaka yake, kama ilivyo kawaida, mtoto asilelewe nje. Ijumaa ile baada ya sala niliondoka kwenda Juba, na kutoka Juba nikaja huku. Mwaka juzi kwenye simu uliniambia kwa utani kwamba nilikukimbia kama mtu aliyeonyeshwa nyoka, na ukacheka, lakini nilisikia kwamba si utani wote. Sikukukimbia wewe. Wewe hukuwa na kasoro yoyote. Ningewezaje kulala mahali pa Abdunoor, nikala kwenye sahani yake, na mwanawe aniite baba?

Nimefanya kazi ya ufundi miaka arobaini hapa Nakuru, na sikuwahi tena kuweka mkono juu ya boneti ya mtu. Wateja walidhani ni maringo. Nilikuwa nawaandikia kasoro zote kwenye karatasi, hata zile ndogo, na wengi walinichukia kwa hilo.

Nimemuuliza imamu wa hapa bila kutaja jina. Amesema maji yamekwisha kupita, lakini sala bado inaweza kusaliwa kaburini. Mimi nimemsalia nikiwa mbali. Nakuomba wewe na Siraji mwende Kuluba na sheikh mnayemwamini, asimame pale alipolala, amsalie kama maiti wa kawaida. Kama huwezi kumwambia Siraji sababu, tafuta sababu nyingine. Kama unaweza kumwambia, mwambie yote, na usinipunguzie.

Sikuombi msamaha kwa simu wala kwa barua hii. Ukinisamehe, hilo ni kati yako na Mola wako. Usiposamehe, nitaelewa. Ninachokuomba ni kimoja: Latifah asinunue gari lolote kwa neno la mtu wa nyumba hii. Alale chini yake mwenyewe, atazame mpaka aridhike, na akiona kasoro aseme pale pale, hata kama nyama imeiva na wageni wameketi.

Barua hii ameibeba Obeti, dereva wa lori la chumvi, mtu mwaminifu. Ameahidi kuikabidhi mkononi mwako kabla ya Jumamosi. Mpe chai.

Nisalimie nyumba yote, mkubwa kwa mdogo. Kile chumba alichonijengea Siraji, mpe Latifah aweke vitu vyake. Mimi sitarudi.

Ni mimi, shemeji yako,
Tahiru