Sahihi Yangu kwenye Bunduki Iliyomuua Thobias

Mgodini Nyarugusu,
Kwa Posta ya Geita,
9 Oktoba 1955.

Mpendwa dada yangu Scolastika,

Shikamoo, dada. Nakusalimu wewe na shemeji Maganga na wote mlio nao huko kwenye mkonge wa Korogwe. Je, ule mguu uliochomwa na mwiba umepona? Na kifua cha shemeji kinaendeleaje? Mimi mwili wangu ni mzima. Limi mke wangu naye hajambo, ila macho yanamsumbua kwa vumbi la huku. Mvua bado hazijaanza, na ng'ombe wamekonda hadi unaweza kuhesabu mbavu zao.

Mayu, mama yetu, nilikwenda kumwona kijijini Segese mwezi uliopita. Bado analima viazi vyake mwenyewe na kuvikata michembe ya kuanika kwa mkono wake. Haongei sana siku hizi. Anajua mjukuu wake alifia vitani, na zaidi ya hapo hajauliza, nami sikumwambia.

Mimi bado ni fundi wa mashine ya kusaga mawe hapa mgodini. Kelele zake zinanifaa, maana mtu akizungumza nami naweza kujifanya sikusikia.

Barua yako ilikaa njiani majuma matano. Hii yangu, nakuomba, usimpe karani wa shamba akusomee. Mpe Bernadina jirani yako, uliyesema anajua kusoma na kufunga kinywa. Kaeni chini kwanza.

Uliniuliza neno moja tu: je, ni kweli mwanao Thobias alikufa kwa uzembe wake mwenyewe, kwa kutosafisha bunduki, kama karatasi ya jeshi inavyosema? Si kweli, dada. Ningekuwa mwanamume ningekwambia tangu mwezi wa tano. Nilinyamaza kwa sababu habari yenyewe inaanzia kwangu.

Unakumbuka kwamba jeshini nilikuwa koplo wa ghala la silaha. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza bunduki zilizoharibika. Bunduki yetu ya zamani ilikuwa nzito, na kila baada ya risasi moja askari alilazimika kuvuta bolti kwa mkono, yaani kile chuma kinachofunga risasi ndani. Lakini tuliibeba Burma kwenye matope hadi kiunoni, na haikututupa. Baada ya vita wakubwa wakasema imezeeka, jeshi linataka bunduki inayojipakia yenyewe. Mwaka wa 1952 zikaletwa za aina mbili kwetu ili zijaribiwe katika nchi ya joto. Moja ilitoka kiwanda cha kwao wakubwa. Nyingine ilitoka kiwanda cha taifa jingine.

Kapteni wetu alikuwa mtu wa haki. Aliniita akaniambia, "Jilala, zifanyie kama askari atakavyozifanyia." Basi nikaziburuta mavumbini, nikazilaza juani, kisha tukazifyatua risasi mia bila kupumzika. Ile ya wageni ilitema vumbi ikaendelea. Ile ya kwao, ikishapata moto na vumbi laini, bolti yake haikufunga sawasawa. Ilibaki wazi kidogo, upana wa kucha. Hilo si ajabu, bunduki nyingi hukwama. Ajabu ni kwamba hii haikukwama. Ukivuta kifyatulio, risasi inalipuka na mlango haujafungwa, na nguvu yote inarudi nyuma, usoni kwa aliyeishika.

Siku ile tulikuwa tumeifunga kwenye meza na kuivuta kwa kamba. Bolti iliruka ikatoboa ubao uliokuwa nyuma. Nilikwenda nikaingiza kidole kwenye lile tundu. Kapteni akakitazama kidole changu, akasema, "Hapo pangekuwa jicho la mtu."

Akaandika taarifa ndefu, na mimi nikamchorea mahali penye kasoro. Ilikuwa kazi ndogo kurekebisha, dada. Chuma kimoja kirefushwe kidogo, ili bunduki isifyatuke kabla ya bolti kufunga. Hata mimi ningeweza kuifanya kwa nyundo na tupa.

Baada ya miezi miwili akaja meja kutoka makao makuu. Taarifa yake alikuja nayo imeshapigwa chapa. Ilisema bunduki ya kwao imefaulu, na kwamba jaribio letu halihesabiki kwa sababu lilifanywa katika "vumbi lisilo la kawaida". Nikathubutu kumwambia, "Afande, hilo ndilo vumbi letu la kila siku." Alicheka. Hakukasirika hata kidogo, na nadhani ndipo nilipojua mambo yamekwisha.

Kapteni alinieleza baadaye, tukiwa wawili tu ghalani. Kule kwao bunduki zilikuwa zimeshaagizwa kabla hata sisi hatujafungua masanduku. Kiwanda kile kinalisha mji mzima, na mji ule una mtu wake katika bunge, na mtu yule anakula meza moja na waziri. Kubadilisha kile chuma kungesimamisha mashine kwa miezi kadhaa, na kungekuwa kukiri kwamba walikosea. Kununua ya wageni kungekuwa aibu. "Ulitupeleka kujaribu kitu kilichokwisha nunuliwa," nilimwambia, kana kwamba kosa ni lake. Alijibu, "Na mimi nimejua leo." Juma lililofuata akahamishwa. Sikumwona tena.

Ile karatasi ya meja ilitaka sahihi ya fundi aliyezishika bunduki kwa mikono yake. Fundi huyo ni mimi. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nitoke jeshini, na bila cheti cha tabia njema hakuna mgodi ambao ungenipa kazi ya ufundi. Meja hakunitisha. Alisema tu, "Koplo, una historia nzuri, usiichafue mwishoni." Akanipa kalamu.

Nilitia sahihi, dada. Jina langu lote, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa na mapadre.

Mwaka uliofuata Thobias akajiandikisha. Unajua mwenyewe alivyokuwa akinifuata tangu ulipomwacha kwangu akiwa na miaka sita. Alitaka viatu kama vyangu na mwendo kama wangu. Ningeweza kumzuia. Nilijiambia huenda wameirekebisha ile bunduki kimyakimya, kama wakubwa wafanyavyo wasipotaka kukiri.

Alipokuja likizo nilimuuliza anabeba bunduki gani. Akaniambia kwa majivuno, "Mpya, Mjomba! Inajipakia yenyewe." Nikamwomba anieleze umbo la bolti yake, akanichorea chini kwa kijiti. Ilikuwa ile ile. Hawakubadilisha hata msumari.

Nikamwonyesha la kufanya. Kabla ya kila mkupuo wa risasi, apige bolti kwa kiganja ili ifunge. Alinitazama kwa mashaka akauliza, "Mjomba, kama ni mbovu, kwa nini walitupa?" Nilimwambia kila bunduki ina tabia yake. Hilo ndilo jibu nililompa mtoto wako.

Yaliyotokea mwezi wa tatu nimeyapata kwa Mageni, mwana wa Shinyanga aliyekuwa kombania moja na Thobias. Alipita hapa mwezi wa tano, mkono wake mmoja ukiwa umekatwa. Alikaa na sisi siku mbili, na siku ya pili ndipo aliposema. Thobias alikuwa akipiga bolti kwa kiganja kama nilivyomfundisha. Sajenti wake akamwona, akamwadhibu mbele ya wenzake kwa kuharibu mali ya serikali, akamkataza. Siku ya tatu baada ya katazo hilo walikuwa kwenye njia ya msituni, ng'ambo ya mpaka, kiangazi kikali, wakashambuliwa. Thobias alifyatua mara nne. Mara ya tano bolti ilirudi.

"Aliifuta asubuhi ile," Mageni aliniambia. "Tulikaa jiwe moja. Aliifuta kuliko mimi." Nakuandikia maneno hayo kama alivyoyasema, uyashike. Mwanao hakuwa mzembe. Na hakuteseka, Mageni ameapa hivyo. Sikumwuliza mara ya pili.

Baada ya hapo nikaandika. Niliandika bomani Geita, nikaandika Mwanza, nikaandika makao makuu ya jeshi. Nilieleza kuhusu ubao, kuhusu kidole changu, kuhusu kile chuma kifupi. Sikuomba lolote ila wafute lile neno "uzembe" mbele ya jina lake. Bomani karani aliipokea barua yangu kwa adabu, akaniambia, "Mzee, jeshi halina mlango wa raia." Mwanza hawakujibu.

Makao makuu walijibu mwezi wa nane. Barua yao ni fupi. Inasema bunduki ile ilijaribiwa na kuthibitishwa kuwa salama na fundi mzoefu, na kwamba nakala ya uthibitisho imeambatishwa. Nikaigeuza ile karatasi ya pili. Ilikuwa na jina langu chini, kwa mwandiko wangu mzuri. Sidhani hata walitambua kwamba anayelalamika na aliyethibitisha ni mtu mmoja.

Kwa hiyo, dada, aliyeandika neno lile mbele ya jina la Thobias ni ndugu yako. Wengine waliuza, wengine walinunua, wengine walikula chakula na waziri. Lakini walipohitaji mtu wa kusema ni salama, walinitafuta mimi nami nikapatikana. Nimekwenda kwa padre. Amenipa sala za kusali na ninazisali. Hazibadilishi kitu kwenye karatasi ile.

Nimeiacha barua hii kwa siku nne na sasa naendelea.

Mstari wa mwisho wa barua yako ndio ulionishtua kuliko yote. Umeandika kwamba Januari, mdogo wake Thobias, anataka kwenda kujiandikisha ili asafishe jina la kaka yake, na kwamba anangoja baraka zangu. Ndiyo maana niliiacha kalamu nikakimbilia Geita kupiga simu ya maandishi kwa shamba lenu: MZUIENI JANUARI. Nikalala huko kungoja. Jibu limekuja leo asubuhi kutoka kwa karani wenu. Ni maneno mawili: AMEONDOKA ALHAMISI.

Sasa sijui nikuambie nini. Sitakuomba unisamehe, maana ningekuwa nakupa mzigo mwingine. Ukiona vema usinijibu kabisa, nitaelewa. Nitaendelea kuandika kwa wakubwa, ingawa najua barua zangu zitajibiwa kwa karatasi ile ile.

Nisalimie shemeji Maganga, umweleze haya taratibu, kifua chake hakiwezi mshtuko. Nisalimie Paskalia na watoto wake. Nisalimie mzee Donatus wa kambi ya tatu. Bernadina, wewe unayesoma, wabeja, asante sana, mshike mkono dada yangu. Limi anakusalimu, na Mayu anasema mvua zikinyesha atakutumia michembe. Januari sina pa kumtumia salamu.

Mungu aliyewahesabia siku zenu awalinde katika zilizobaki.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupenda tangu ukinibeba mgongoni,

Jilala