Walioshuka Pamoja na Mwimbaji

Kaka Mutua,

Natumaini vumbi la huko nyumbani Mackinnon Road limekuachia macho ya kusomea kadi hii. Hapa Diani mvua inanyesha tangu asubuhi, nami nimeshiba viazi karai vya shangazi.

Jana alasiri alinipeleka kwenye hoteli anakofanya kazi, nikatazama bendi ya roki ikifanya mazoezi. Ni wazee watupu. Wamepiga pamoja tangu kabla hatujazaliwa, na wageni wenye mvi hurudi kila mwaka kuwasikiliza. Nilimwamkia mpiga gita, kisha nikajikaza nikamwuliza wamedumuje.

"Mwimbaji wetu sauti imeshuka," akasema. "Basi tukazishusha nyimbo zote, tukamfuata huko huko chini."

"Hamkutaka kutafuta kijana?"

"Kijana wa nini? Huyu ndiye ajuaye tutakosea wapi."

Mwimbaji akacheka. "Usimsikilize, mwanangu. Wameshusha kwa sababu vidole vyao vimekauka!"

Kisha wakapiga. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini wageni wawili waliokuwa wakinywa chai waliimba nao mpaka mwisho.

Nikamkumbuka Ngala, mwimbaji wetu. Mmesema shule zikifunguliwa mtamtoa kwenye bendi yetu, kwa kuwa sauti yake imekuwa nzito na hafiki tena juu. Kabla hamjamtoa, ushusheni wimbo wake mara moja tu, aujaribu.

Mwambie mama ninakula vizuri. Naye Ngala mwambie ninakuja, na ngoma nitampigia huko huko chini.

Mdogo wako akupendaye,
Kioko